Kumfundisha Mtu Kumtazama Mdudu

Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, vichuguu vinakusindikiza njiani: mabomba ya udongo yaliyosimama katikati ya migunga, mengine yakimpita mtu mrefu mara mbili. Msafiri huvitupia jicho mara moja akarudi kwenye simu yake. Mtafiti aliye na wanafunzi husimamisha gari, na kazi ninayotaka kuisifu huanzia hapo.

Mhadhara hakuna. Mtafiti huyo, mlezi wao, anabandua kipande cha udongo ubavuni mwa kichuguu, ukubwa wa kiganja tu, kisha anawaambia wanafunzi waandike wanachokiona. Kwanza wanatoka mchwa askari, vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia, wanalizunguka tundu, baadhi yao wakigonga vichwa kwenye udongo. Wafanyakazi wamerudi ndani. Baada ya muda wanajitokeza mmoja mmoja, kila mmoja na tonge la udongo mdomoni. Analibandika ukingoni, analikandamiza, anageuka, anapotea gizani. Hawa mchwa hawana macho. Habari za tundu zinawafikia kwa mtetemo, kwa harufu na kwa hewa inayopenya.

Madaftari yakisomwa, mara nyingi utakuta: askari wamekasirika, wafanyakazi wanaogopa. Mlezi mzuri anajulikana hapa. Hacheki wala hachukui kalamu nyekundu. Anauliza tu: hasira umeiona wapi mwilini mwake? Mwanafunzi anarudi kuliinamia tundu lile lile, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na anaandika upya: askari amegonga kichwa, ametulia, amegonga tena. Maneno haya ya pili mtu mwingine anaweza kuyahesabu kesho, juani, kwenye kichuguu kingine, naye akapata cha kulinganisha.

Kisha inafuata kazi ambayo wengi huiona ya kuchosha, nami naiona kuwa ndiyo moyo wa ufundi wote. Wanafunzi wawili wanaandaa orodha ya matendo: kutoka, kugonga, kubeba, kubandika, kurudi. Kila tendo linapewa maelezo yake. Halafu wanaketi mbalimbali, wanamtazama mdudu yule yule kwa wakati ule ule, bila kuonyeshana daftari. Wakilinganisha, mmoja amehesabu kubandika mara nyingi kuliko mwenzake. Nani amekosea? Pengine hakuna. Mmoja alimhesabu pia mchwa aliyekandamiza tonge lililowekwa na mwingine, mwenzake hakumhesabu. Mlezi hawaamulii. Anawaacha wabishane mpaka waandike maelezo yasiyoacha mwanya, ndipo warudi kutazama tena. Siku nzima inaweza kuishia hapo bila takwimu hata moja ya kuonyesha. Mwalimu mwenye haraka angewapa orodha yake mwenyewe, iliyokwisha kupigwa msasa miaka mingi, na wanafunzi wangeondoka wakijua orodha ya mtu.

Mfano ninaoupenda wa kazi ya namna hii uko upande mwingine wa Kenya, Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwenye kampasi iliyopewa jina la Thomas Odhiambo ya ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu. Odhiambo alianzisha taasisi hiyo mwaka 1970 akiamini kwamba Afrika ilihitaji wanasayansi wake wa wadudu, waliolelewa hapa hapa. Mwaka 1983 ikaja programu ya kuwafunza wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi mbalimbali za bara. Huko Mbita, kundi la Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, lilimchunguza buibui mdogo mrukaji anayeishi kwenye kuta za nyumba za watu, Evarcha culicivora. Walionyesha kwamba humchagua mbu jike aliyeshiba damu kuliko mbu asiye na damu. Buibui huyo hana mdomo wa kututoboa ngozi, kwa hiyo damu yetu huipata kupitia kwa mbu.

Ona walivyolifikia jibu hilo. Mbu hai hutembea, na mwendo unaweza kumvuta buibui hata kama damu haihusiki. Basi waliweka mbu waliokufa katika mkao wa mbu hai, tofauti ikibaki moja tu. Baadaye wakapima harufu: soksi iliyovaliwa na mtu dhidi ya soksi safi, na buibui wakavutwa na ile iliyovaliwa. Vifaa vya kazi kama hiyo fundi wa mtaani anaweza kuvitengeneza. Kinachokuwa adimu ni mtu wa kukaa na mwanafunzi na kumuuliza, kwa kila jaribio, ni kitu gani kingine kingeweza kuleta matokeo yale yale. Makala ya mwaka 2005 iliyotangaza ugunduzi huo ina majina matatu, na la tatu ni la Godfrey Sune, aliyefanya kazi hapo Mbita. Nalitaja kwa sababu mlezi anayewafundisha watu kutazama, kisha akaandika jina lake peke yake, ameiacha kazi nusu.

Turkana yenyewe si ngeni kwa jicho lililofunzwa. Mwaka 1984, Nariokotome, mtafuta visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto zilizofanana nacho kwa rangi, na kutoka hapo ikafukuliwa mifupa ya mtu wa kale anayeitwa Kijana wa Turkana. Leo Taasisi ya Bonde la Turkana, iliyoanzishwa na Richard Leakey pamoja na Chuo Kikuu cha Stony Brook, ina vituo viwili, kimoja Ileret na kingine kando ya mto Turkwel, upande wa Lodwar. Taasisi hiyo ya visukuku imewahi kuongozwa na mtaalamu wa wadudu, Dino Martins, Mkenya aliyeandika kitabu cha mwongozo kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki. Utafiti wake katika Bonde la Kerio ulionyesha jinsi mipapai ya wakulima inavyotegemea nondo wanaoruka jioni, na jinsi nondo hao wanavyotegemea pori lililobaki jirani. Kazi hiyo haiwezekani bila mtu aliye tayari kukaa karibu na ua wakati jua linapozama.

Na nzige je? Walipoingia Kenya mwishoni mwa 2019, Turkana ikawa miongoni mwa kaunti zilizosumbuka zaidi. Nzige wa jangwani akiwa peke yake hujitenga na wenzake. Akibanwa na wengine hubadilika, huanza kuwafuata. Watafiti waligundua kwamba kumgusagusa miguu ya nyuma kwa saa chache kunatosha kumgeuza tabia. Mlezi akiwa na brashi laini na tunutu wachache, kila mmoja kwenye kopo lake, anaweza kuwafundisha wanafunzi mambo mengi kwa jaribio hilo. Mmoja anagusa miguu, mwingine, ambaye hajui ni tunutu gani aliyeguswa, anapima umbali anaokaa na wenzake. Kutojua huko ni kwa makusudi. Macho huona kwa urahisi kile moyo unachokitarajia, na anayepima anakingwa na moyo wake mwenyewe.

Mambo madogo nayo yana heshima yake. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa kuwa spiriti ndani ya chupa hufuta wino wa kalamu ya kawaida. Mahali, tarehe, saa, jina la aliyekusanya. Mlezi anayerudia hayo kila asubuhi bila kuchoka ananifurahisha kuliko anayetoa hotuba nzuri.

Kijana aliyekua akichunga mbuzi kando ya laga la Tarach, au aliyefika kambi ya Kakuma akiwa mtoto kutoka Sudan Kusini au Kongo, hafiki maabara mikono mitupu. Anajua nyuki huelekea wapi ukame ukikaza, anajua nge hutoka saa ngapi. Mlezi mwenye busara huanza na ujuzi huo na kumuuliza mwenyewe angeuthibitisha vipi.

Tangu 2017 Lodwar ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, na maswali ya kuwapa wanafunzi wake yapo mlangoni. Mwishoni mwa 2022 mbu mgeni, Anopheles stephensi, alinaswa Marsabit, ng'ambo ya Ziwa Turkana. Huyu huzaana kwenye matangi na mapipa ya maji, mjini, hata kiangazi, na miji yetu ya kaskazini imejaa mapipa. Buibui warukaji nao wapo kwenye kuta zetu. Je, wanakamata mbu wa aina gani? Mwanafunzi wa kwanza atakayelichukua swali hili atataka kuanza na mbu. Natumaini atampata mlezi wa kumwambia achague kwanza ukuta mmoja, aketi mbele yake asubuhi, mchana na jioni, na aandike buibui anafanya nini hata pale ambapo hafanyi chochote.