Kulia Kuko Wazi

Mchezo wa video wa Super Mario Bros. unaanza bila neno hata moja la maelekezo. Mario amesimama upande wa kushoto, uso kaelekeza kulia, na kulia kuko wazi. Basi unaenda kulia.

Sisi wa Kisii na Nyamira hilo lilitufaa kweli. Mchezo ulitoka Japani Septemba 1985, ila kwetu ulifika baadaye, ndani ya mashine bandia za michezo zilizouzwa bila kijitabu. Watoto tulibanana chumba cha nyuma ya duka tukingojea zamu, na hapakuwa na mtu mzima aliyejua chochote cha kutufundisha.

Mwalimu alikuwa uwanja wenyewe. Kijitu cha kahawia kinakujia polepole. Kikikugusa umekufa, lakini ndio kwanza umeanza, kwa hiyo hasara haipo. Safari ya pili unaruka, unatua juu ya kichwa chake, kinapondeka: kumbe kuruka ni silaha. Unapiga kwa kichwa tofali lenye alama ya kuuliza, uyoga unachomoka. Uyoga huo unateleza kulia, unaanguka, unagonga bomba na kukurudia. Wewe uliyeuawa sasa hivi na kitu kinachotambaa unataka kuukimbia. Unaruka, tofali za juu zinakurudisha chini, unaukanyaga, na badala ya kufa unakua! Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka waliupanga mtego huo makusudi, na sijaona somo lililotegwa kwa upole kuliko hilo.

Kisha kuna mruko wenyewe. Ukigusa kitufe kidogo, Mario anaruka kidogo, ukikishikilia, anapaa, akiwa mbioni, anafika mbali zaidi. Hata akiwa hewani unaweza kumvuta nyuma, jambo ambalo hakuna mwanadamu aliyewahi kulifanya, na bado kidole kinaliamini.

Yote haya yalitoshea kilobaiti 40: 32 za programu, 8 za picha. Ndiyo maana wingu na kichaka ni mchoro uleule, huku umepakwa nyeupe, kule kijani. Wachongaji wa mawe wa Tabaka, kwetu Kisii, wangewaelewa mafundi wa mchezo huu. Kwao twiga akivunjika shingo, jiwe halitupwi, linageuka kiboko.

Kitu kimoja mashine haikuwa nacho ni kumbukumbu ya mahali ulipofikia. Stima ikipotea, na kwetu ilipotea kila radi zilipoanza kupasuka, ulirudi mwanzo kabisa. Dunia za mchezo ni 8, kila moja ina viwanja 4, na mvua ya milimani mara nyingi huanza alasiri. Ukipiga hesabu utaona kwa nini wengi wetu tuliujua uwanja wa kwanza tukiwa tumefumba macho, na wa mwisho kwa kusimuliwa.

Ila waundaji walikuwa wameacha mlango. Katika uwanja wa pili, unapanda juu ya tofali za dari, unatembea hadi kupita bomba la kutokea, na huko unakuta mabomba ya kukurusha mpaka dunia ya 4. Katika uwanja wa pili wa dunia hiyo kuna mmea unaopanda angani. Ukiufuata, unafika kwenye bomba la dunia ya 8. Watoto wakubwa chumbani waliita hiyo wizi. Mimi naona ni ukarimu wa fundi kwa mchezaji asiye na muda, na wingu la mvua likishaziba vilima vya Manga, hata wao walipanda darini.