Ufundi wa Kujenga kwa Majaribio

Katika kazi zote za mafundi wa kompyuta, chache zinastahili heshima kama ile ya kuujenga upya mfumo endeshi mzima, yaani programu kuu inayoiongoza mashine, pembeni na kwa majaribio, kabla ya badiliko ambalo likikosewa litawafikia watu wasiojua hata kwamba kuna kinachobadilishwa.

Debian, mfumo huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulilazimika kulikabili badiliko la namna hiyo. Mashine za biti 32 zilizoea kuuhesabu wakati kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, ambapo saa ya mashine itaruka nyuma hadi Desemba 1901. Dawa ni kuipanua nafasi iwe ya biti 64, lakini dawa yenyewe ina madhara: maktaba, yaani mkusanyo wa maagizo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ikishapanuliwa huku programu inayoitegemea ikibaki na kipimo cha zamani, hizo mbili zitapokezana data zisielewane, na mara nyingi hakuna onyo litakalotokea.

Ndiyo maana mpango ulitangulia kazi. Maktaba zilichunguzwa ili zijulikane zinazobadilika umbo, zikapewa majina yenye tamati t64 ili mpya isichukuliwe kuwa ya kale, kisha zikapitishwa kwanza katika tawi la majaribio kabla ya kuingizwa, mwaka 2024, katika tawi linaloendelezwa kila siku. Ugumu mkubwa ulikuwa wa utaratibu, kwa kuwa kifurushi kimoja cha programu huhitaji kingine ili kijengwe, na hicho nacho hukihitaji kile cha kwanza. Hapo fundi hana budi kuukata mduara kwa mkono, akijua ni kiungo gani kinavumilia kukatwa.

Ujenzi unaoshindikana katika hatua hii ya majaribio ni faida tupu, maana umeshindikana pale ambapo haumdhuru mtu. Hata hivyo, mpangaji hodari haridhiki kwa kuwa ujenzi umekamilika. Huuliza pia kama programu mpya inayasoma sawasawa mafaili yaliyoandikwa diskini na ile ya zamani, swali ambalo wenye haraka hulisahau.

Busara kubwa kuliko zote ilikuwa katika kuamua kisichoguswa. Familia ya i386, ya vichakataji vya zamani vya biti 32, iliachwa na hesabu yake ya kale, kwa sababu imebaki hasa kwa ajili ya kuendesha programu za zamani ambazo haziwezi kujengwa upya, na kuibadilisha kungeziua programu zilezile zinazoipa sababu ya kuwepo. Debian 13 ilitolewa tarehe 9 Agosti 2025, ikiwa na wakati wa biti 64 kwa familia zote isipokuwa hiyo moja, na uamuzi huo ulikuwa sahihi.