Filamu iliyonitia hasira mara mbili

Ukisoma sayansi, watu wakikuuliza filamu unayoipenda wanakuwa tayari wameshakujibia: Interstellar. Sina ugomvi nayo. Nami nililia pale baba anapokaa kutazama video za miaka 23 za watoto waliokua bila yeye. Lakini ukiniuliza filamu iliyonikosesha usingizi, nitakutajia ambayo haina nyota wala roketi, na niliyoitazama mara nne bila kuimaliza nikiwa na amani hata mara moja. Ni Darwin's Nightmare, filamu ya makala ya Hubert Sauper wa Austria, ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza.

Kama hujaiona, ni hivi. Madege makubwa ya mizigo, Ilyushin, yanatua Mwanza na kuondoka na minofu ya sangara kwenda Ulaya. Sauper anauliza swali moja, kila siku, kwa kila mtu: ndege hizi zikija, zinaleta nini? Hakuna msimulizi. Kuna watu tu, na maandishi machache kwenye kioo. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaikosoa hadharani, watu wakaandamana Mwanza kuipinga.

Mimi nilikuwa shule ya msingi, palepale Mwanza. Nyumbani iliitwa "ile filamu ya mapanki". Wakubwa waliichukia kwa moyo wote, na nina hakika hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona.

Niliiona nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwenye flashi ya rafiki. Basi ikafika sehemu ya mapanki. Kama wewe si mtu wa Kanda ya Ziwa, mapanki ni kichwa na mifupa ya sangara, kinachobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa, na kinachobaki ni zaidi ya nusu ya samaki mzima. Kwenye filamu yamerundikwa chini, yana funza, na mwanamke anayefanya kazi pale ameharibika jicho kwa mvuke wa amonia. Kamera haiondoki. Nami nikawa nawaza: nimekula hayo. Mama alikuwa anayachemsha na ndimu na nyanya, tunagombania kichwa. Ukumbini watu wakasema "duh", mmoja akaziba pua kwa utani, na mimi, nakwambia ukweli, nikaziba yangu pia.

Hiyo ndiyo hasira ya kwanza. Nilimkasirikia Sauper kwa kuchukua chakula chetu na kukigeuza kinyaa, kisha nikajikasirikia kwa ile pua. Ilinichukua muda kukubali kwamba yale mapanki hakuyatengeneza yeye. Yalikuwepo. Na jicho la yule mama lilikuwa limeharibika kweli.

Ndiyo maana naitetea. Ukiacha kelele zake, filamu hii ina subira ambayo filamu chache zinayo. Inaanza na mtu wa mnara wa kuongozea ndege anayehangaika na mdudu dirishani huku kazi inamsubiri. Kuna mwenye kiwanda na samaki wake wa plastiki anayeimba ukutani. Kuna Raphael, mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, ana upinde na mishale ya sumu, analipwa dola moja kwa usiku, na anasema kwa utulivu kabisa kwamba vita ingekuwa nafuu kwa sababu jeshini kuna mshahara. Hakuna anayemsukuma aseme. Ukiangalia utaona Sauper amekaa, amesubiri, mtu amefungua moyo.

Hasira ya pili ilikuja baadaye, nikiwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu samaki wa ziwa hilohilo. Safari hii nilikasirikia jina la filamu.

Maelezo yanayoisindikiza yanasema sangara alitiwa ziwani miaka ya 1960 kama jaribio dogo la kisayansi. Hapana. Sangara walianza kuingizwa miaka ya 1950, upande wa Uganda, na haikuwa sayansi. Watu wa uvuvi wa serikali ya kikoloni walitaka samaki mkubwa mwenye soko badala ya furu, wale wadogo wa kiganja, wenye miiba. Wapo wanasayansi waliopinga. Geoffrey Fryer aliandika maonyo yake mwaka 1960. Ukisema "jaribio", umewatoa waliofanya uamuzi na kuwaweka waliosema msifanye.

Na furu wenyewe? Hapo ndipo nilipotaka kurusha kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini wa ziwa. Spishi mia kadhaa, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Miaka ya 1980 sangara wakalipuka kwa wingi na furu wakaporomoka. Filamu inawapa dakika chache tu, kwenye mkutano ambako wajumbe wanaonyeshwa video ya ziwa, kisha inarudi kwenye ndege. Sangara amekula wadogo, tajiri amekula maskini, umeelewa, tuendelee.

Tatizo ni kwamba sangara hakuwa peke yake. Udongo na mbolea za mashambani na majitaka ya miji vilirutubisha ziwa kupita kiasi; mwani ukazidi, ukafa, ukaoza, ukamaliza oksijeni ya kina kirefu. Na maji yakawa na giza. Chukua furu wawili wa visiwa vya Ghuba ya Mwanza: Pundamilia pundamilia, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. (Ndiyo, lipo jenasi zima lenye jina la Kiswahili. Waambie na wenzako.) Dume wa nyererei ana mgongo mwekundu, mwenzake ni wa samawati, na jike huchagua kwa macho. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, rangi hazionekani vizuri, majike wanachanganya madume, na spishi mbili zinaanza kuyeyuka kuwa moja. Hakuna aliyeliwa hapo. Taa imezimwa tu. Sasa niambie, kama unatafuta jinamizi la kumwamsha Darwin usiku, si ndilo hili?

Tena baadhi ya furu wamerudi tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa wingi. Wamerudi wachache, wengine na maumbo yaliyobadilika kidogo, na katika ziwa lisilo lile la zamani. Habari hiyo haitoshei katika hadithi ya samaki mmoja anayekula wote.

Simdai Sauper somo la biolojia. The Boy Who Harnessed the Wind, ya Chiwetel Ejiofor, inapindisha mambo pia: kinu cha kwanza cha William Kamkwamba kiliwasha taa nyumbani, pampu ya maji ilikuja baadaye, lakini filamu inakwenda moja kwa moja kwenye maji kwa sababu kijiji kina njaa. Nilisamehe, maana dainamo ya baiskeli inabaki ikifanya kazi kama dainamo. Sauper ameazima mashine ya Darwin bila kuiwasha. Na silaha vilevile: rubani anasimulia ya Angola, unaumia, lakini shehena ya silaha Mwanza huioni kwenye kamera, na filamu inakuacha utoke ukiamini umeiona.

Likizo iliyopita niliitazama na mama, aliyeichukia tangu 2006. Kwenye mapanki aliguna. "Hao hawakuyakausha vizuri," akasema, akainuka kwenda jikoni. Nikajua imeisha hapo. Lakini Eliza, yule dada wa baa anayeuawa na mteja kabla filamu haijamalizika, alipoanza kuimba wimbo wa Tanzania, mama aliacha sufuria, akaja kukaa tena. Alitaka kujua kwao ni wapi.