Fomu Iliyochagua Kompyuta: Ombi la Ruzuku kutoka Barabara ya Dunga

Ombi la ruzuku ya utafiti linaloelekezwa kwa serikali ya Marekani kwa kawaida hupitia Grants.gov, lango la kielektroniki lililofunguliwa mwaka 2003 chini ya Wizara ya Afya ya nchi hiyo. Lilitokana na sheria ya 1999 iliyozitaka idara za serikali zipunguze utitiri wa fomu. Kwa miaka mingi Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, zimepokea maombi kutoka nje pia, Kenya ikiwemo. Ndiyo maana uamuzi wa Washington kuhusu programu ya kufungulia fomu ulikuwa na uzito hata katika Industrial Area ya Nairobi. Huko, kando ya viwanda vya Barabara ya Dunga, ndiko ilikokuwa na maabara na karakana KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika.

NIH ilianza kuiacha karatasi mnamo Desemba 2005, ikitangulia na ruzuku za kampuni ndogo. Ombi linalotegemewa zaidi na watafiti, R01, lilihamia mtandaoni kwa makataa ya tarehe 5 Februari 2007. Mwombaji alipakua fomu, akaijaza nje ya mtandao, akaingiza viambatisho ndani yake, kisha akatuma kila kitu kama faili moja. Kwa Nairobi ya wakati ule, kujaza nje ya mtandao kulikuwa na faida ya kweli: kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, njia ya polepole na ya gharama kubwa. Taabu ilianza wakati wa kutuma. Viambatisho viligeuzwa kuwa mfululizo wa herufi ili vikae ndani ya fomu, na ugeuzaji wa namna hiyo huongeza ukubwa wa faili kwa takriban theluthi moja. Kazi ya miezi ikawa mzigo mmoja mzito wa kupandisha kwa mkondo mwembamba.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa programu ya kufungulia fomu. Ilikuwa PureEdge, kazi ya kampuni ya Kanada iliyonunuliwa na IBM mwaka 2005, nayo ilifanya kazi kwenye Windows pekee. Maabara nyingi za baiolojia zilitumia Mac. Watumiaji wake waliambiwa watafute kompyuta ya Windows, waingie kwenye seva ya mbali iliyowaonyesha Windows kupitia mtandao, au waweke Virtual PC, programu inayoigiza Windows ndani ya Mac. Suluhisho hili la mwisho halikudumu. Mwaka 2006 Apple ilihamia chipu za Intel, Virtual PC haikufanya kazi kwenye mashine hizo mpya, na mwaka huo huo Microsoft ikaiacha. Nayo seva ya mbali ilihitaji mtandao usiokatika, jambo ambalo mtumiaji wa setilaiti hakuwa na uhakika nalo. Kosa hapa lilikuwa la usanifu. Majibu ya mwombaji yalifungwa pamoja na programu ya kuyaonyesha, na asiyekuwa na programu hiyo akakosa hata nafasi ya kuandika jina lake.

Kuanzia mwisho wa 2007 fomu zilihamishiwa Adobe Reader, na Mac ikapata nafasi yake. Tatizo lilihama kutoka mfumo endeshi hadi toleo. Ombi la ruzuku halijazwi na mtu mmoja. Mtafiti huandika mpango wa kazi, mhasibu hujaza bajeti, mshirika wa chuo kingine huongeza sehemu yake, na ofisi ya mkuu wa taasisi hukagua kabla ya kutuma. Fomu ile ile hupita mikononi mwa wote, kwa barua pepe au kwa flashi. Mmoja wao akiifungua kwa toleo lisilokubalika na kuihifadhi, faili lingeweza kuharibika bila dalili yoyote kwenye skrini, na hitilafu ionekane siku ya kutuma tu. Kwa hiyo haikutosha mwombaji kukagua kompyuta yake; alipaswa kujua toleo lililomo katika kila kompyuta iliyogusa faili.

Fomu hizo pia zilikuwa za aina ya XFA, ambayo wasomaji wengi wa PDF hawaielewi. Aliyezifungua ndani ya kivinjari, au kwa Preview ya Mac, alipata ukurasa mmoja tu uliomtaka asubiri. Angesubiri hadi usiku. Firefox ilianza kuonyesha XFA mwaka 2021 tu.

Lango lenyewe nalo lilikabiliwa na shinikizo: mwaka 2009 fedha za kuinua uchumi wa Marekani zilileta wimbi la maombi, na mwezi Machi ofisi ya bajeti ya Ikulu ya nchi hiyo iliziagiza idara zitafute njia mbadala ili lango lisielemewe.

Kwa matatizo ya programu na matoleo, dawa iliyofaa ilikuwa kutenganisha majibu na programu. NIH ilijenga ASSIST, ambapo fomu hujazwa ndani ya kivinjari, Grants.gov ikaleta Workspace, na kifurushi cha PDF cha zamani kikaondolewa mwisho wa 2017. Kila mshiriki sasa hujaza sehemu yake kwenye hifadhi moja, na makosa huonekana kabla ya kutuma. Ukaguzi huo una thamani kubwa, kwani mnamo Januari 2011 NIH ilifuta siku mbili za kusahihisha makosa baada ya makataa. Makataa ni saa kumi na moja jioni kwa saa za mwombaji. Nairobi ikifika saa hiyo, Washington ni saa tatu au saa nne asubuhi, na dawati la msaada la NIH limefunguliwa kwa saa chache tu.

Viambatisho bado vina masharti ambayo mwombaji wa Kenya hujikwaa nayo. Ukurasa usizidi inchi 8.5 kwa 11, ilhali A4 inayotumiwa Nairobi ina urefu wa inchi 11.7; ni lazima ukubwa ubadilishwe mwanzoni kabisa, maana kuubadilisha mwishoni husogeza mistari na kuvuruga idadi ya kurasa. Herufi zisipungue ukubwa wa pointi 11, na jina la faili lisizidi herufi 50.

Kuna pia anwani. Taasisi ya nje hutakiwa kwanza kupata msimbo wa NCAGE, kisha kujisajili katika SAM, mfumo wa usajili wa serikali ya Marekani, ambako tangu Aprili 2022 hutolewa kitambulisho cha UEI kilichochukua nafasi ya DUNS. Jina na anwani lazima vilingane kote, na S.L.P. haikubaliki kama mahali taasisi ilipo. Katika Industrial Area, ambako barua huenda kwenye sanduku la posta na kiwanja hujulikana kwa nambari ya L.R., taasisi hulazimika kuamua mapema namna moja ya kuandika jina la barabara na la jengo, na kuitumia bila kubadilisha hata herufi. Usajili huo huhitaji kuhuishwa kila mwaka, na ukiisha muda wake, ombi lililojazwa bila kosa lolote hukwama pale pale langoni.