Rangi Imekolea

Mama wa kibanda karibu na geti la kiwanda hamwulizi mtu kama chai imeiva. Anachota kidogo kwa upawa, anaimimina tena polepole kwenye sufuria huku akiitazama, kisha anaongeza majani au anaacha. Wafanyakazi waliotoka mtaa wa Mukuru alfajiri kwa miguu wanaipima kwa macho kabla haijagusa midomo.

Nilipoanza kuonja mvinyo nilikuta kazi ni ileile, na Industrial Area, eneo hili la viwanda la Nairobi, si mgeni kwa mvinyo. Kampuni ya Kenya Wine Agencies, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilikaa miaka mingi hapa kwenye Barabara ya Enterprise, na miongoni mwa vinywaji vyake ulikuwamo mvinyo wa mapapai.

Kupima kina cha rangi kunataka uaminifu katika mambo madogo. Kiasi kiwe kimoja kila mara, mililita 50 zinatosha, kwa sababu mvinyo mwepesi ukijazwa glasi nzima huonekana mzito. Iinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe yenye maandishi. Maandishi yakisomeka vizuri, rangi ni hafifu; yakimezwa kabisa, imekoza. Halafu tazama ukingoni, pale mvinyo unapokonda: mwekundu ukiwa mchanga huwa na wekundu wa zambarau, uliozeeka huelekea damu ya mzee, kisha kahawia. Mweupe nao, kadiri unavyokaa ndivyo rangi yake inavyozidi kuwa nzito.

Mwanga nao una hila. Usiku mmoja, chini ya taa ya tyubu, niliandika kwamba mvinyo umekuwa kahawia. Asubuhi, dirishani, mvinyo uleule ulikuwa mwekundu mtupu. Niliufuta mstari ule, na tangu siku hiyo rangi naiandika mchana tu.

Maabara zina mashine inayopima kiasi cha mwanga ambacho mvinyo unakizuia. Mwaka 1984 mtaalamu wa mvinyo Yves Glories wa Bordeaux alipendekeza vipimo vitatu vijumlishwe, kwenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 420, 520 na 620, yaani umanjano, wekundu na usamawati. Naiheshimu namba hiyo. Lakini ni namba moja kwa mvinyo mzima. Habari za ukingoni bado zinamngoja mtu mwenye macho na subira.

Na neno tunalo, zuri kuliko mengi niliyoyasoma kwingine: kukolea. Rangi hukolea, chumvi hukolea, sukari hukolea. Utamu wa neno hilo ndio mtego wake, maana linaunganisha jicho na ulimi, na muonjaji anatakiwa kuvitenganisha. Nimeonja mvinyo mweusi kama wino usio na ladha ya maana, na mwingine wa rangi ya waridi lililofifia uliobaki kinywani muda mrefu. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa daftari langu naujaza kabla pua haijaikaribia glasi, na siandiki “umekolea”. Naandika “rangi imekolea”, kisha naacha nafasi ya ladha ikiwa tupu.