Mvumo Ulikotoka

Amplifaya ya baba mdogo ilivuma miaka miwili kabla sijaigusa. Alikuwa amehamishia kanda zake za taarab kwenye kompyuta, na kila kanuni ilipopigwa peke yake, kabla ya fidla kuingia, chini yake kulisikika "mmm" nzito isiyokatika. Mafundi wawili walimshauri abadili spika. Spika hazikuwa na kosa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mita. Punguza sauti mpaka sifuri. Mvumo ukififia nayo, unaingia pamoja na muziki. Ukibaki vilevile, unazaliwa ndani ya amplifaya. Huu ulipungua sana lakini haukwisha. Maradhi yalikuwa mawili.

Nilichomoa waya wa kompyuta, mvumo mkubwa ukakatika. Vyombo vyote viwili vilikuwa na plagi za pini tatu, kila kimoja kwenye soketi ya ukuta wake. Kwa hiyo viliungana mara mbili: kwa waya wa ethi ukutani, na kwa nyuzi za shaba zilizouzunguka waya wa sauti. Duara likakamilika, na umeme wa nyumba, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, ukasukuma mkondo mdogo ndani yake. Milivolti chache zinatosha kusikika, maana muziki wenyewe mara nyingi huingia ukiwa chini ya volti moja.

Wengi hukata pini ya ethi, na mvumo hunyamaza kweli. Hili hunikasirisha. Siku waya wa moto ukigusa bati la amplifaya, njia iliyobaki ni ule waya mwembamba wa sauti, au mwili wa atakayelishika.

Nilivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukapungua zaidi ya nusu. Uliobaki niliumaliza kwa transfoma ndogo za kutenganisha, moja kwa kila chaneli: muziki unavuka kwa usumaku, shaba hazigusani. Za bei ya chini kabisa hula besi, kwa hiyo zisikilize kabla ya kulipa.

Ukabaki ule wa ndani. Programu ya simu ilionyesha mitetemo 100 kwa sekunde, maradufu ya umeme wa ukutani, kwa kuwa daiodi hugeuza kila nusu ya mzunguko kuwa wimbi la upande mmoja. Kapasita za kulisawazisha wimbi hilo zilikuwa zimekauka. Nikazimaliza chaji kwa rezista, nikafunga mpya za maikrofaradi 4700 kama za awali, volti zisizopungua za zamani, hasi kwa hasi.

Baba mdogo akarudisha wimbo mwanzo. Kabla ya fidla kuingia tulisikia mchakacho wa kanda yenyewe, na vidole vya mpigaji vikigusa nyuzi.