Pongezi kwa Daktari wa Ng'ombe

Huku Mosocho shamba ni dogo na ng'ombe wa maziwa ni mmoja au wawili, kwa hiyo akiugua, daktari wa mifugo hupigiwa simu alfajiri. Anafika kwa pikipiki, gambuti zimejaa matope, na kabla ya kufungua mkoba anauliza: "Mama, jana alikula? Majani mlikata wapi?" Swali hilo la majani ni la kazi. Ng'ombe asiyetoka zizini huletewa kupe ndani ya mzigo wa nyasi.

Kisha anapapasa chini ya sikio. Tezi ya hapo ikiwa imevimba na kipimajoto kikipita nyuzi 40, anashuku ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Hata hivyo hakimbilii dawa. Anachoma tezi kwa sindano, anapaka tone la majimaji yake kwenye kioo, litiwe rangi na kutazamwa kwa hadubini. Nalienzi sana tendo hilo dogo. Ndigana baridi nayo huleta homa, lakini hutibiwa kwa oksitetrasaiklini, ambayo haiponyi ndigana kali iliyokwisha kushika. Hiyo inataka buparvakwoni, dawa ghali, na itolewe mapema kabla mapafu hayajajaa maji.

Chanjo ya ndigana kali ipo, tunda la utafiti uliofanywa Muguga, naye daktari huihimiza katika kila boma.

Jioni hurudi bila kuitwa, akapima joto tena. Nimemwona amesimama zizini na tochi, kimya, akingoja ng'ombe acheue.